Salme binti Said: Binti wa Mtoni Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Utangulizi

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hupendwa sana na wanaojadili chanzo cha kisomo cha mtu, kwa sababu inaelekea kumaliza mjadala kabla haujaanza. Nyumba yenye vitabu huzaa msomaji, na isiyo na vitabu huzaa mbumbumbu. Hata hivyo, yapo maisha ambayo hayakubali kukunjwa kwa wepesi huo. Makala haya yanayafuata maisha ya mtu mmoja wa aina hiyo, yaani Salme binti Said, ambaye ulimwengu wa Ulaya ulikuja kumjua kwa jina la Emily Ruete. Wengi wetu tunamkumbuka kama binti wa Sultani wa Unguja aliyetoroka na Mjerumani. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayosimuliwa sana, lakini si sehemu yenye funzo kubwa kwetu sisi wanafunzi wa fasihi. Hapa tutamtazama kama mtoto aliyefundishwa kusoma na kunyimwa kuandika, kisha tutauliza kalamu aliyojitafutia mwenyewe ilimpeleka wapi.

Nyumba aliyozaliwa

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufuoni mwa bahari, kaskazini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, aliyeyahamishia makao yake kisiwani na kukifanya kisiwa hicho kuwa kitovu cha biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akatenganishwa na jamaa zake, akafikishwa katika nyumba ya Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi.

Jambo moja katika maisha ya mama huyu linatuhusu sana. Kwa kuwa alifika akiwa bado mtoto, alilelewa pamoja na mabinti wa Seyyid waliokuwa rika lake, akajifunza kusoma pamoja nao. Masuria wengi walifika wakiwa wamekwisha kukua, na hakuna aliyejisumbua kuwafundisha. Kwa hivyo Salme alizaliwa na mama msomaji kwa sababu ya ajali ya umri tu. Laiti Jilfidan angetekwa miaka kumi baadaye, huenda binti yake angekulia mikononi mwa mama asiyeijua hata herufi moja. Tunapozungumzia athari ya familia katika kisomo, hatuna budi kukumbuka kwamba familia yenyewe huundwa na nguvu zilizo nje yake. Katika nyumba hii nguvu hizo zilikuwa vita na utumwa.

Lugha nazo zilikuwa nyingi. Mbele ya Seyyid Said, watu wa Mtoni walipaswa kuzungumza Kiarabu. Alipowapa kisogo, jumba lilijaa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Mtoto wa nyumba hiyo alijifunza mapema kwamba kila lugha ina mahali pake na wakati wake. Kiarabu kilikuwa lugha ya baba, ya sala na ya maandishi. Kiswahili kilikuwa lugha ya walezi, ya michezo na ya mji. Mtaalamu wa isimujamii wa leo angepata kazi ya kutosha katika veranda moja ya jumba hilo.

Chuoni

Salme alianza chuo akiwa na umri wa miaka sita au saba. Mwalimu alikuwa mwanamke kutoka Omani. Watoto, wa kiume kwa wa kike, waliketi mkekani, Msahafu ukiwa juu ya marufaa, wakasoma kwa sauti na kukariri. Kulikuwa na hesabu kidogo, na fimbo haikukosekana. Jiografia na historia hazikufundishwa. Msahafu ndio uliokuwa msingi, na aliyeuhitimu alihesabiwa kuwa amesoma.

Katika chuo hicho njia za watoto ziliachana mahali pamoja. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, ilhali wasichana walifundishwa kusoma tu. Tofauti hii ndogo ina maana kubwa, na msomaji asiipite haraka. Jamii hiyo haikumnyima msichana kisomo chote. Ilimpa kile kilichodhaniwa kumtosha kwa ibada. Asomaye hupokea neno lililokwisha kusemwa na wengine. Aandikaye hutoa neno lake mwenyewe, na anaweza kulipeleka mahali ambapo miguu yake hairuhusiwi kufika. Katika nyumba ambamo wanawake waliwekwa utawani, uwezo huo haukuwa jambo dogo.

Tusikimbilie kusema kwamba hii ndiyo iliyokuwa desturi ya Waislamu wote au ya pwani nzima. Katika miaka hiyo hiyo, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham aliandika utenzi wake maarufu kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Utenzi huo wa takriban mwaka 1858 tunausoma hadi leo katika madarasa yetu. Inafaa kukumbuka pia kwamba mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alipigana na majeshi ya Seyyid Said, baba yake Salme. Basi pwani moja, dini moja na kizazi kimoja vilimtoa mwanamke aliyetunga akaheshimiwa, na pia binti wa mfalme aliyekatazwa kushika kalamu. Kilichotofautiana ni desturi za nyumba na tabaka. Ndiyo maana neno jamii, tunapolitumia katika tahakiki, halifai kuachwa likielea juu juu. Sharti tuulize ni jamii ipi, nyumba ipi, na mlango upi wa nyumba hiyo.

Kombe la ngamia

Kaka yake, Majid, alipokuwa mtu mzima alipewa nyumba yake mjini, jumba la Watoro, na Salme na mama yake wakahamia huko kuishi naye. Mtoto akauacha umati wa Mtoni na kuingia katika nyumba yenye watu wachache. Majid alimpenda na kumpa uhuru usio wa kawaida. Alijifunza kupanda farasi, kulenga shabaha na kutumia upanga. Upweke na uhuru huo vilimpa nafasi ya kufanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

Aliuchukua Msahafu, akatafuta kombe la bega la ngamia lililokauka na kuwa jeupe, ambalo watoto wa chuo walilitumia kama ubao, akaanza kuziiga herufi moja baada ya nyingine. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa na kitabu alichokwisha kukijua kwa macho na kwa ulimi, na mkono uliotaka kujua kile ambacho macho yalikijua. Alipoona maumbo yanaanza kufanana na ya Msahafuni alipata moyo. Kilichobaki ni mtu wa kumnyosha mwandiko, na kwa kazi hiyo alimteua mmoja wa watumwa wa nyumbani waliojua kuandika.

Siri ilipofichuka, alilaumiwa sana na watu wa nyumba, lakini hakujali. Ndivyo alivyojiunga na kundi dogo mno la wanawake wa ukoo wake waliojua kuandika.

Tukio hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba katazo la jamii halikuweza kuwa kamili. Mara tu walipomfundisha kusoma, walikuwa wamekwisha kumpa nusu ya kuandika. Mwalimu wa Kiomani, pasipo kukusudia, alikuwa amempa mfano wa kuiga. Mama aliyesoma alikuwa amemwonyesha kwamba maandishi si mali ya wanaume peke yao. Kaka mpole alikuwa amempa wasaa. Kwa hiyo si kweli kwamba Salme alijifunza peke yake dhidi ya familia yake. Sehemu moja ya familia ilimfungulia mlango ambao sehemu nyingine iliufunga.

La pili linahusu mtumwa yule. Jina lake halijulikani. Alimfundisha binti wa bwana wake ufundi ambao bibi huyo alikatazwa na yeye mwenyewe aliruhusiwa, kwa sababu kwake kuandika kulikuwa kazi ya utumishi. Salme aliipata kalamu kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kumwamuru mtu. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake, aliutetea utumwa wa nyumbani kwao dhidi ya lawama za Wazungu, wala hakuona kwamba kisomo chake mwenyewe kilikuwa na deni. Anayetaka kumsifu Salme, na sisi tunamsifu, sharti aliseme na hili.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa mtoto alikuwa mwandishi wa barua wa nyanya yake. Nyanya alisoma kitabu chake cha dini bila kukosea, lakini hakuweza kuandika hata jina lake. Tulikaa jikoni, akanong'ona maneno ya kumwandikia binti yake aliyeolewa mbali, na mengine aliyaanza akayakatiza aliponitazama usoni. Siku hizo sikuelewa ni kwa nini aliyakatiza. Niliposoma habari za kombe la ngamia ndipo nilipoelewa. Asiyejua kuandika hana siri anayoweza kuituma. Kila neno lake hulazimika kupitia sikio la mtu mwingine kwanza.

Kalamu yaingia vitani

Seyyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea kutoka Omani. Salme, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alihesabiwa kuwa mtu mzima na kupewa urithi wake. Majid akatawala Unguja. Mwaka 1859 Jilfidan naye akafa kwa kipindupindu, na binti akabaki bila mama katika ukoo ambao ndugu walikuwa wameanza kugawanyika.

Barghash, kaka yake mwingine, alikuwa akipanga kumpindua Majid. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda sana, alikuwa upande wa Barghash, na ndiye aliyemvuta. Hapa ndipo kisomo kilipodai malipo yake. Salme alikuwa na miaka kumi na mitano tu, lakini alijua kuandika. Akafanywa katibu wa njama. Barua kwa wakuu na washirika zilitoka mkononi mwake, na kadhalika maagizo ya bunduki, risasi na baruti. Dhamiri ilimsuta, kwa kuwa alijua kwamba silaha alizoziagiza kwa kalamu zingewaua watu wasio na hatia, na kwamba aliyekuwa akimpinga ni kaka aliyemlea kwa upendo.

Njama iligunduliwa. Nyumba ya Barghash ilizingirwa. Khole na Salme walimtoa kwa kumvika nguo za kike, akapita mbele ya walinzi kama mwanamke na kukimbilia shamba la Marseilles, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Waingereza walimsaidia Majid, waasi wakashindwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakuwaadhibu dada zake. Hata hivyo, watu waliwatenga, na Salme akahamia mashambani kuishi mbali na mji.

Inafaa tutue hapa. Wale waliomlaumu kwa kujifunza kuandika wangeweza kusema kwamba hofu yao ilithibitishwa. Je, si kweli kwamba kalamu ilimwingiza mwanamwali katika uasi? Jibu letu ni kwamba Barghash na wapambe wake wa kiume waliasi pia, na hakuna aliyesema kwamba wavulana wasifundishwe kuandika. Kosa halikuwa kalamu. Lakini ni kweli kwamba alipewa kazi nzito kuliko umri wake kwa sababu alikuwa na ujuzi uliokuwa adimu. Laiti wasichana wote wa nyumba ile wangefundishwa kuandika, huenda mzigo ule usingemwangukia yeye.

Ng'ambo

Baadaye Salme alirudi mjini na kupatana na Majid, jambo lililowaudhi wale wa upande wa Barghash. Jirani yake alikuwa mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Lugha waliyozungumza ilikuwa Kiswahili, na mapenzi yao yakaota. Salme aliposhika mimba, maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka kisirisiri kwa manowari ya Waingereza iliyoitwa Highflyer, akafika Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, na safari ya Ujerumani ikaanza.

Katika mji wa Hamburg binti aliyekuwa mjuzi wa kalamu akawa mjinga tena. Herufi za Kiarabu zilizomgharimu lawama nyingi hazikuwa na kazi katika duka, benki wala ofisi. Ilimbidi aanze upya, kulia kwa kushoto kukawa kushoto kwa kulia. Alijifungua watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie. Mwezi wa Agosti 1870, kabla ya mtoto wa mwisho kutimiza mwaka, mumewe aligongwa na tramu akafa. Mjane huyo alihamahama na watoto wake, Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingineko, na miongoni mwa kazi alizozifanya ili kujikimu ni kufundisha Kiarabu. Kile alichokichota kwenye kombe la ngamia kilikuwa sasa kikisaidia kununua mkate wa watoto wake.

Akiwa katika hali ya ugonjwa, alianza kuwaandikia watoto wake habari za utoto wake, ili wajue mama yao alitoka wapi iwapo angefariki kabla hawajakua. Maandishi hayo yalichapishwa Berlin mwaka 1886 kama kumbukumbu za binti wa mfalme wa Kiarabu, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Kwetu ni hazina ya maisha ya Unguja ya karne ya kumi na tisa, vyakula, mavazi, sikukuu, tiba na maneno ya Kiswahili yakiwamo. Ndani yake alilinganisha pia chuo cha utotoni mwake na shule za Ulaya, wala hakuwapa Wazungu ushindi wote. Aliona kwamba mtoto wa Ulaya alishindiliwa maarifa mengi huku moyo wake ukisahauliwa.

Alirejea Unguja mwaka 1885 na tena 1888. Safari ya kwanza ilifanyika chini ya ulinzi wa manowari za Ujerumani, wakati Bismarck alipokuwa akitafuta makoloni Afrika Mashariki, na kesi ya urithi wake ikawa silaha ya siasa. Barghash, aliyekuwa sultani tangu 1870, alikataa kumpokea. Yule ambaye kwa ajili yake msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa ameandika barua za hatari hakutaka hata kumwona. Salme aliishi miaka mingi Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914, na kufariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg, kando ya mumewe, pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja alichokuwa amekihifadhi.

Hitimisho

Maisha haya yanatufundisha nini kuhusu chanzo cha kisomo? Kwanza, familia na jamii humpa mtoto zaidi ya zinavyokusudia. Zilimpa Salme Msahafu kwa ajili ya sala, naye akapata humo darasa la mwandiko. Pili, mstari ambao jamii huuchora kati ya kinachofaa kusomwa na kisichofaa huwa hauhusu herufi. Huhusu nani anaruhusiwa kusema na nani anatakiwa kusikiliza tu. Tatu, kisomo hakimwahidi mtu furaha. Kalamu ya Salme ilimpatia lawama, uasi, majuto, riziki, na mwishowe kitabu. Hatuwezi kuchukua mwisho huo peke yake tukayaacha yaliyotangulia.

Na tuwarudie wale mama wawili wa pwani. Mwana Kupona, mgonjwa, alimwandikia binti yake kwa Kiswahili, naye akiwa kwao, miongoni mwa watu waliomheshimu. Salme, mgonjwa pia, aliwaandikia watoto wake kwa Kijerumani, katika nchi ya baridi, kwa kuwa watoto hao wasingeweza kuusoma mwandiko ambao mama yao alijifunza kwa siri. Utenzi wa Mwana Kupona tunautahini kila mwaka. Kumbukumbu za Salme mara nyingi tunawaachia wanahistoria. Ni maoni ya makala haya kwamba maandishi hayo mawili yanastahili kusomwa bega kwa bega katika idara zetu za Kiswahili. Mwanafunzi atakayefanya hivyo ataona jinsi pwani ile ile ilivyoweza kumpa mwanamke mmoja kalamu mkononi, na kumwacha mwingine aitafute juu ya mfupa.